Dadu za nyuso nyingi katika filamu za bunilizi ya kisayansi

Dadu za nyuso nyingi hutumika katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ambamo mchezaji hujivika nafsi ya askari, mganga au mwizi wa nchi ya kubuni, msimulizi humpa mkasa, na dadu huamua kama pigo lake limempata adui au limekwenda hewani. Seti iliyozoeleka ina dadu saba: moja ya nyuso 4, moja ya 6, moja ya 8, mbili za 10, moja ya 12 na moja ya 20. Makala haya yanazitazama kama vifaa vya kuigizia katika filamu za bunilizi ya kisayansi, na yanazitazama kutoka mahali mahususi: wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwenye kona ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi. Hoja yake ni kwamba umbo la dadu, hata liwe la kupendeza namna gani, halina nguvu ya kuifanya dadu ionekane kitu cha wakati ujao. Nguvu hiyo hutoka kwa mtazamaji, katika kile anachokijua na asichokijua kuhusu kitu anachooneshwa. Kwa mtazamaji wa wilaya hizi mbili, kipimo hicho kinatoa jibu lisilofanana na la Hollywood.

Umbo lenyewe ni la kale sana kuliko mchezo. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lina dadu za mawe za nyuso 20 zilizochongwa Misri wakati wa Waptolemayo na Warumi, kila uso ukiwa na herufi ya Kigiriki. Wanahisabati wa Ugiriki walikwisha kuthibitisha kwamba maumbo mango yaliyo sawa kabisa kwa nyuso, kingo na pembe zote ni matano tu: ya nyuso 4, 6, 8, 12 na 20. Mchezo wa Dungeons & Dragons, ulioanzisha michezo ya namna hii, ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson kupitia kampuni ya TSR ya Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Waanzilishi hao hawakubuni dadu zao. Walizikuta zikiuzwa kama vifaa vya kufundishia shuleni, wakazinunua, wakazipa kazi nyingine. Jambo hili lina uzito katika hoja yetu. Kabla dadu hizi hazijatoka kwenye meza ya mchezo kwenda kwenye filamu, zilikuwa zimekwisha kuhama kutoka darasani kwenda kwenye meza ya mchezo, na kila zilipohama plastiki na pembe zake zilibaki vilevile. Kilichobadilika ni makubaliano ya watu kuhusu kazi yake.

Mafundi wa vifaa vya filamu wanaishi kwa makubaliano hayo. Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka katika tamthilia ya televisheni ya Star Trek ya mwaka 1966. Kwa ajili ya kipindi kuhusu kiumbe mla chumvi, watayarishaji walitafuta vikopo vya chumvi vyenye maumbo ya kigeni ili vifanane na karne zijazo. Kisha wakaingiwa na wasiwasi: vilikuwa vya kigeni mno, mtazamaji asingetambua kwamba ni vya chumvi. Wakatumia vya kawaida, na vile vya ajabu wakampa daktari wa chombo, vikawa zana zake za tiba. Miaka kumi na moja baadaye, katika Star Wars ya mwaka 1977, Roger Christian aliokota mpini wa taa ya kamera ya Graflex akaufanya mpini wa upanga wa mwanga. Katika The Phantom Menace ya mwaka 1999, chombo cha mawasiliano cha mhusika Qui-Gon kilitengenezwa kwa wembe wa kunyolea wa wanawake wa Gillette. Vitu hivi vitatu vilifaulu kwa sababu moja: watazamaji wengi hawakuvitambua, au hawakuvitambua upesi. Dadu ya nyuso 20 ya miaka ya 1970 ingefaulu vivyo hivyo, kwa kuwa nje ya madarasa machache na vikundi vya wachezaji karibu hakuna aliyewahi kuishika. Ikiwekwa mezani ndani ya chombo cha anga, ingepita kama kito, betri au sarafu ya sayari nyingine.

Hata hivyo, dadu zilizoacha alama kubwa katika filamu za aina hii zilifanya kazi kwa kutambuliwa. Zile za dhahabu za Han Solo, rubani wa Star Wars, zilizoning'inizwa ndani ya chombo chake, Millennium Falcon, mwaka 1977, ni za nyuso 6 za kawaida kabisa. Mmarekani wa wakati ule aliona madereva wakining'iniza dadu kwenye kioo cha gari, kwa hiyo alipoziona alijua bila kuambiwa kwamba rubani huyu ni mtu wa kubahatisha na anakipenda chombo chake kama kijana apendavyo gari lake la kwanza. Uzito wake ulizidi kukua: katika The Last Jedi ya mwaka 2017 rafiki yake Luke anamkabidhi mpenzi wake Leia dadu hizo kama kumbukumbu ya Han aliyekufa, na baadaye zinatoweka mkononi mwa aliyeziokota, ikabainika kwamba zilikuwa kivuli tu. Zikarudi tena katika Solo ya mwaka 2018, hadithi ya ujana wake. Dadu ya nyuso 20 nayo ilikuja kuheshimiwa pale tu ilipooneshwa kama dadu. Katika E.T. ya mwaka 1982 vijana wamekaa mezani wakicheza mchezo wa kuigiza wahusika, na mdogo wao, Elliott, anasihi aingizwe. Tamthilia ya Stranger Things, iliyoanza mwaka 2016, mapema katika kipindi chake cha kwanza inawaonesha watoto wanne katika mchezo kama huo. Mmoja anarusha dadu, inaanguka sakafuni, na baadaye anakiri kwa mwenzake kwamba ilitoka 7, yaani jini la mchezoni limemshinda. Usiku huohuo anatoweka kwelikweli. Mtazamaji anayejua kwamba 7 kati ya 20 ni namba dhaifu anapata ubaridi ambao asiyejua hawezi kuupata.

Sasa tuje Ngara na Biharamulo. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapita Nyakanazi na Lusahunga, ikaingia Ngara na kugawanyika kuelekea mipaka ya Rusumo na Kabanga. Malori ya Kigali na Bujumbura hulala njiani, na penye malori yaliyolala pana drafti. Ubao wa drafti huchorwa kwenye kipande cha mbao, na kete huwa vizibo vya soda, vya mmoja vimelala kifudifudi na vya mwenziwe chali. Bao linajulikana pia, na ng'ambo ya mpaka Warwanda na Warundi wana igisoro, ndugu yake wa karibu: mashimo 32 katika safu nne, na mbegu 64. Ludo imeenea, nayo huleta dadu, lakini ni dadu ya nyuso 6. Michezo inayoheshimiwa zaidi katika orodha hii, bao na drafti, haina bahati ndani yake hata chembe. Kila kete iko wazi machoni pa wote wawili, na anayeshindwa hana cha kulaumu ila akili yake. Dadu ya nyuso 20 haina nafasi katika mazoea haya. Haimo madukani, wala hakuna mchezo wa mtaani unaoihitaji.

Kwa haraka mtu angesema basi hawa ndio watazamaji bora kabisa wa kuoneshwa dadu hiyo kama kitu cha anga, kwa kuwa bado wako pale Wamarekani walipokuwa mwaka 1970. Naona kinyume chake. Kutotambuliwa ni nusu ya kazi. Vikopo vya chumvi vya Star Trek vilisadikika kuwa zana za tiba kwa sababu mwigizaji alivishika juu ya mgonjwa kwa utulivu wa daktari, na kila mtazamaji alikwisha kumwona daktari. Bila tendo hilo vingebaki vikopo visivyojulikana vya nini. Dadu isiyojulikana, iliyowekwa mezani tu, inamwachia mtazamaji wa Biharamulo kipambo chenye rangi. Kwa matumizi hayo shanga ingetosha, au kifuniko cha chupa ya manukato. Na ule uzito wa ziada unaowafanya watengenezaji wa Marekani waipende dadu hii, yaani kumbukumbu ya utoto, urafiki wa mezani na hofu ya namba mbaya, haumfikii mtazamaji huyu kabisa. Filamu inayotaka kuzungumza naye juu ya wakati ujao itafute kifaa ambacho tayari kina uzito mkononi mwake, kisha ikipe kazi mpya.

Ushahidi wa hilo uko karibu sana na Ngara. Neptune Frost, filamu ya Saul Williams na Anisia Uzeyman iliyooneshwa mara ya kwanza Cannes mwaka 2021, inasimulia mkasa wa milima ya Burundi, ingawa ilipigwa picha Rwanda. Kijana mchimba koltani anauawa na msimamizi wa mgodi, ndugu yake Matalusa anakimbia, naye Neptune, anayeigizwa na Cheryl Isheja na Elvis Ngabo, yuko safarini akitoroka kwao. Wanakutana katika kijiji kilichojificha, kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta, na kutoka humo wanaivuruga mitandao ya dunia nzima. Wahusika wanazungumza Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Kihangaza na Kishubi, lugha za wenyeji wa Ngara, ziko katika kundi moja la lugha na Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo Mhangaza anayeitazama anasikia maneno ya jirani. Mavazi na mandhari yake yalisanifiwa na msanii wa Rwanda, Cedric Mizero, kwa nyaya, vibao vya kielektroniki, vitufe vya kompyuta na takataka nyingine za umeme zilizoshonwa na kufungwa mwilini. Hakuna kitu hata kimoja kati ya hivyo kisichotambulika. Mtazamaji anajua ule ni waya, na anajua umetoka wapi, kwa sababu filamu imeanza mgodini, kwenye madini ambayo tantali yake huingia katika vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji ndani ya simu. Kifaa kinatisha na kupendeza kwa sababu historia yake yote inaonekana.

Ngara ina sababu ya ziada ya kukielewa kijiji kile. Mwishoni mwa Aprili 1994, Warwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa takribani saa 24, na mji wa mahema wa Benaco ukasimama pasipokuwa na mji. Wakimbizi wa Burundi waliishi katika kambi ya Lukole kwa miaka mingi baadaye. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, ili watu waliotawanyika wapate habari kwa lugha wanazozielewa. Kundi la watu waliokimbia, wakajijengea makazi kwa vitu vya kuokoteza na kutuma sauti hewani, ni jambo ambalo wazee wa wilaya hii walilishuhudia. Dadu ya Wisconsin haina mlango wa kuingilia katika kumbukumbu hiyo. Waya, turubai na redio vinao.

Ushahidi wa pili unatoka Kenya. Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, inatupeleka katika zama ambazo maji yamekwisha baada ya vita kuu ya tatu ya dunia na watu wanaishi wamejifungia chini ya ulinzi. Asha, anayeigizwa na Kudzani Moswela, anafanya kazi katika jumba la makumbusho ya viumbe, na anapokea sanduku dogo la udongo usiojulikana umetoka wapi. Anatumbukiza ndani yake mbegu iliyohifadhiwa kwenye chupa, nayo inachipua. Filamu nzima inabebwa na kifaa hiki kimoja, mbegu, ambacho mkulima yeyote wa Rulenge au Nyakahura anakijua kuliko mtengenezaji wa filamu mwenyewe. Uzito wake unatokana na hali aliyoizusha mwandishi: mbegu imekuwa adimu. Inafaa kukumbuka kwamba kete za bao la pwani nazo ni mbegu, za mkomwe, na kwamba mchezaji huzitia moja moja shimo hadi shimo, kama apandaye. Mbegu ingeweza kusimama katika filamu moja kama chakula, kama kete na kama uhai, bila mtazamaji kuhitaji maelezo.

Pingamizi la kwanza ni la vijana. Wana simu, wanatazama tamthilia za Marekani, na michezo ya kompyuta imewafundisha maumbo ambayo wazazi wao hawakuyaona. Hilo ni kweli, na litaendelea kuwa kweli zaidi. Lakini kuitambua dadu kwa sura ni hatua ya chini kuliko kuijua kwa mkono. Aliyeiona Stranger Things anajua kwamba kitu kile ni cha mchezo. Aliyeirusha mara mia anajua jinsi nafasi ya 1 kati ya 20 inavyoumiza. Filamu hutegemea ujuzi huo wa pili inapotaka ukumbi mzima ushikwe na hofu kwa namba moja, na ujuzi huo hupatikana kwa kucheza tu.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo ni la banda la video. Katika Afrika Mashariki filamu ya kigeni mara nyingi haifiki ikiwa peke yake. Inafika na mkalimani anayezungumza juu ya sauti yake, kama alivyofanya Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyezitia filamu za ng'ambo Kiswahili nchini Tanzania, na kama wafanyavyo wakalimani wa Uganda, akiwemo VJ Emmie, ambaye sauti yake imo ndani ya filamu za Wakaliwood, studio ya Kampala. Mkalimani hafungwi na maneno ya wahusika. Anaweza kusema kile kijiwe ni hirizi, ni bomu, ni dadu ya kamari, na banda zima likamfuata. Basi kuna haja gani ya kujali mtazamaji anajua nini, ikiwa kuna mtu wa kumwambia? Nakubali kwamba sauti hiyo hufanya maajabu, na kwamba yeyote anayeandika historia ya filamu katika ukanda huu bila kuitaja ameacha nusu ya kazi. Lakini mkalimani anapokipa kifaa jina jipya anathibitisha hoja ya makala haya: kifaa kilipofika hakikuwa na maana, naye akakitafutia maana kutoka kwa vitu ambavyo watazamaji wake walikuwa navyo. Hutafuta hirizi na kamari kwa sababu ndizo zinazoeleweka. Mtengenezaji wa hapa anaweza kuanza pale mkalimani anapoishia.

Wapo pia watakaosema maumbo matano ya Wagiriki ni mali ya binadamu wote, na mwanafunzi wa Biharamulo ana haki nayo sawa na wa Athens. Hakuna anayeipinga haki hiyo. Lakini hisabati inakuwa ya wote pale inapothibitishwa, na filamu haithibitishi. Inategemea mazoea, na mazoea yana mahali pake.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la heshima. Kwa nini mtengenezaji wa Afrika apelekwe kwenye takataka na mbegu, huku wa Marekani akipewa dhahabu na plastiki inayong'aa? Wakaliwood ya Isaac Nabwana, huko Wakaliga, Kampala, ilipata umaarufu duniani kwa Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ambayo bunduki zake zilichomelewa kwa vyuma chakavu, na baadhi ya wageni waliisifia kwa namna iliyokaribia kuusifia umaskini. Hatari hiyo ipo na inafaa kusemwa. Jibu langu ni kutenganisha mambo mawili: kutumia chakavu kwa sababu hakuna kingine, na kutumia kitu fulani kwa sababu hadithi inakihitaji. Waya wa Mizero ni wa aina ya pili, na ungebaki uleule hata kama bajeti ingekuwa mara kumi. Ngara ina nyenzo ya namna hiyo ambayo si ya kimaskini hata kidogo. Chini ya ardhi ya Kabanga kuna nikeli inayochunguzwa tangu miaka ya 1970, na mwaka 2021 iliundwa kampuni ya Tembo Nickel ambamo serikali ya Tanzania ina hisa za asilimia 16. Madini hayo yanakusudiwa kuingia katika betri za magari ya umeme. Mashine za kuchoronga hutoa vipande virefu vya mwamba, vya mviringo na laini, vinavyopangwa kwenye masanduku kwa namba za kina. Fundi wa vifaa anayeiwazia Kagera ya mwaka 2100 ana kifaa tayari: sura yake ni ya kigeni, asili yake inajulikana, na maswali ya nani atafaidika nacho yanaulizwa na wakazi leo hii.

Hayo yote hayaizuii dadu ya nyuso nyingi kuingia katika filamu ya Ngara au Biharamulo. Yanaweka sharti moja, ambalo The Phantom Menace ililitimiza vizuri. Watto, mfanyabiashara anayemiliki watumwa, na Qui-Gon wanabishania nani aachwe huru, mtoto Anakin au mama yake. Watto anatoa dadu yenye nyuso nyekundu na za buluu na kutaja kanuni kabla ya kuirusha: buluu ni mtoto, nyekundu ni mama. Qui-Gon, kwa nguvu zake za siri, anaisukuma iangukie buluu. Mtazamaji ambaye hajawahi kuiona dadu ya namna ile anajua kwa sekunde chache kinachoshindaniwa, anajua pia kwamba bahati imechezewa, na hapotezi chochote kwa kuzaliwa Lusahunga. Mwandishi wa filamu wa hapa anayeitaka dadu ya nyuso 20 aifanyie hivyo: amweke mhusika anayeifahamu, aseme kanuni yake kwa Kiswahili cha mtaani, aeleze namba ipi inaokoa na ipi inaua, ndipo airushe.